Kimya cha Mdai katika Mashauri ya Kundi

Makala haya yanalinganisha uzito wa kimya cha mdai katika mashauri ya kundi. Nchini Marekani, Kanuni ya 23 ya mahakama za shirikisho, iliyorekebishwa mwaka 1966, humfunga kwa hukumu ya fidia kila mwanakundi asiyejitoa. Uingereza, chini ya amri za mashauri ya kundi zilizoanza mwaka 2000, huhesabiwa yule tu aliyejiandikisha. Nchini Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966 huruhusu wachache kuwawakilisha wengi kwa idhini ya mahakama, mradi wahusika wapewe taarifa, hata kwa tangazo. Hivyo, mwanakijiji asiyelisoma tangazo aweza kufungwa na hukumu asiyoijua. Kiini cha haki, basi, ni namna taarifa inavyomfikia.