Je, Wajua? Kontena Liko Baharini, Karatasi Ziko Chennai

Je, wajua kuwa wakala wa forodha wa Mombasa au Dar es Salaam anapoomba jina lililokosewa kwenye hati ya shehena lirekebishwe, anayelirekebisha huenda yuko India, Ufilipino au China? Maersk, kampuni ya meli yenye makao makuu Copenhagen, imejenga vituo vya huduma za pamoja Chennai, Pune, Mumbai, Manila na Chengdu. Humo ndimo hati zinapoandaliwa na ankara kutolewa kwa niaba ya ofisi za nchi nyingi. Ujira mdogo ni sababu mojawapo tu. India na Ufilipino zina wasomi wengi wa uhasibu wanaofanya kazi kwa Kiingereza, na shughuli iliyokusanywa mahali pamoja ni rahisi kuisimamia. Lakini wakala aliyezoea kwenda dirishani na kumwona mhusika uso kwa uso sasa husubiri barua pepe, huku siku za bure za kontena zikiyoyoma. Tozo ya ucheleweshaji humwangukia mwenye mzigo, na hilo ndilo viongozi wa kampuni za meli wanapaswa kulipima kwanza kabla ya kuhesabu walichookoa.

Kutenganisha mzigo na karatasi zake si jambo jipya. DHL ilianza mwaka 1969 kwa kazi hiyohiyo: Adrian Dalsey, Larry Hillblom na Robert Lynn walisafirisha hati za shehena kwa ndege kutoka San Francisco hadi Honolulu, ili forodha ianze kazi meli ikiwa bado njiani.

Na karatasi zenyewe ni nyingi kupita kiasi. Mwaka 2014, Maersk ilifuatilia kontena moja la baridi lenye maua ya waridi na maparachichi kutoka Kenya hadi Uholanzi. Ilikuta kwamba watu na taasisi karibu 30 walilishughulikia, na mawasiliano kati yao yalizidi 200. Kontena moja tu! Ili kupunguza mzunguko huo, Maersk na IBM walizindua mfumo wa kidijitali wa TradeLens mwaka 2018. Novemba 2022 wakatangaza kuufunga, wakisema ushirikiano wa sekta nzima waliouhitaji haukupatikana.

Afrika Mashariki nayo ina huduma yake ya pamoja, na haizungumzwi inavyostahili. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2014, mzigo wa Kampala hukadiriwa na kulipiwa ushuru kabla haujatoka bandarini Mombasa, na maofisa wa mapato wa Uganda wamewekwa hapohapo Mombasa.

Je, wajua pia kuwa kukatika kwa umeme nchini Ghana kuliiokoa kampuni kubwa ya meli? Tarehe 27 Juni 2017, kirusi cha NotPetya kilienea kupitia programu ya uhasibu iitwayo M.E.Doc, inayotumika sana Ukraine. Kompyuta moja ya Maersk mjini Odessa ilikuwa na programu hiyo. Kwa kuwa mtandao wa kampuni ulikuwa umeunganishwa dunia nzima, kirusi hakikukomea Odessa. Bandari 17 kati ya 76 zilizoendeshwa na kitengo chake cha bandari ziliathirika, na malori yakapanga foleni kwenye mageti yasiyofunguka.

Seva takriban 150 zilizohifadhi orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilifutika zote, isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa Ghana, ambako umeme ulikatika kabla ya shambulio na kuiacha nje ya mtandao. Intaneti ya huko ilikuwa dhaifu, hivyo kutuma data hizo Uingereza, ambako mifumo ilikuwa ikifufuliwa, kungechukua siku kadhaa. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, naye akaruka nayo hadi London. Kazi hiyo ya ufufuaji iliendeshwa Maidenhead, magharibi ya jiji hilo.

Mwenyekiti wa bodi wa wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alisimulia mkasa huo katika mkutano wa uchumi wa Davos Januari 2018. Seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 zilisimikwa upya ndani ya siku 10. Katika siku hizo, alisema, shehena ilipungua kwa asilimia 20 tu, kwa sababu wafanyakazi waliendelea kuhudumia wateja kwa mikono. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300, na Snabe alikiri hadharani kwamba ulinzi wa kompyuta wa kampuni yake ulikuwa wa wastani tu.