Kuhamia Pwani: Maswali ya Kujibu Kabla Hujatuma Dipoziti

Mama alistaafu ualimu akiwa na miaka 60, magoti mawili yasiyopatana na baridi, na ndoto moja. "Mwanangu, mimi sitazeekea Limuru," aliniambia jioni moja ya Julai, amejifunga shuka mbili na bado anasogelea jiko la makaa. "Nataka kuishi mahali ambapo sweta ni ya kuweka kabatini."

Ndugu zangu walidhani ni mzaha. Mimi niliona ni kazi rahisi. Nina simu, nina bando, nikaanza kutafuta nyumba usiku huo huo. Ndani ya wiki moja nikapata moja Nyali: vyumba viwili, sakafu ya vigae, mti wa mwarobaini uani. Ajenti alisema kuna watu wengine wanne wanaoitaka, na atakayetuma dipoziti kwanza ndiye ataipata. Nikatuma 18,000.

Siku nne baadaye mimi na mama tulisimama kwenye geti hiyo na masanduku matatu. Askari wa geti alitutazama kwa huruma. "Pole dadangu," akasema, "nyinyi ni wa tatu wiki hii. Hii nyumba ina mwenyewe, na haipangishwi." Simu ya ajenti ilikuwa imezimwa. Pesa zilikuwa zimetolewa dakika chache tu baada ya mimi kuzituma.

Ndiyo, mimi, ninayelipwa kuwaandikia nyinyi makala za kujikinga na matapeli. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa tutafute kwa miguu, si kwa kidole." Hapo ndipo safari yetu ya kweli ilipoanza, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Anza na maisha yako, si na mji

Watu wengi huuliza, "Pwani pazuri ni wapi?" Swali hilo halina jibu. Jiulize kwanza: utakuwa ukienda wapi kila wiki? Kazini, hospitalini, kanisani au msikitini, shuleni kwa watoto? Mama aliandika mambo matatu kwenye karatasi: hospitali iliyo karibu, sokoni aweze kwenda bila gari, na mimi niweze kumfikia kutoka Nairobi kwa siku moja. Karatasi hiyo ilitusaidia kuliko picha zote nilizohifadhi kwenye simu.

Baada ya hapo tuliamua jambo moja: hatuhami, tunajaribu. Tungepanga nyumba yenye samani kwa mwezi mmoja mmoja, na tungeanza Februari makusudi, wakati wa Kaskazi, joto linapokuwa kali zaidi. Kama unaipenda Pwani mwezi wa Agosti wakati upepo wa Kusi unapuliza, hujaipenda bado. Ipende Februari na Machi, usiku stima ikiwa imepotea na feni imesimama, ndipo useme.

Miji tuliyoiona

*Mombasa.* Ukihitaji kila kitu karibu, ni hapa. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko kisiwani, treni ya SGR iliyoanza mwaka 2017 inakushusha Miritini, na uwanja wa ndege wa Moi uko upande huo huo. Tudor na Kizingo ni kisiwani. Nyali na Bamburi ni ng'ambo ya daraja. Lakini msongamano wa magari asubuhi na jioni utakula muda wako, na maji ya mfereji hayaji kila siku katika mitaa mingi. Ukivutiwa na upande wa kusini, Likoni, kumbuka kwamba feri ni bure kwa anayetembea kwa miguu ila foleni yake si bure kwa subira yako. Wenye magari sasa wana njia ya Dongo Kundu, inayofika Kwale bila kupanda feri.

*Mtwapa.* Hapa ndipo tulipokaa Februari. Nyumba ni nyingi na kodi ni nafuu kuliko Nyali. Chumba kimoja na sebule tulionyeshwa kwa 14,000 na nyingine kwa 20,000, kutegemea umbali kutoka barabarani. Kwa kijana anayependa mji unaokesha, ni raha. Mama alivumilia muziki wa usiku kwa siku tisa, ya kumi akaanza kufunga masanduku.

*Diani na Ukunda.* Hapa ndipo moyo wangu ulibaki. Mchanga mweupe, uwanja mdogo wa ndege Ukunda, na waifai ya maana kwa anayefanyia kazi nyumbani. Ila fahamu kwamba Diani huishi kwa msimu wa watalii. Mwenye nyumba mmoja alitwambia waziwazi: Januari hadi Novemba karibu, Desemba mtoke, kwa sababu mgeni wa wiki mbili humlipa kuliko mpangaji wa miezi mitatu. Kama mkataba wako hausemi lolote kuhusu Desemba, uliza. Ukunda, nyuma kidogo ya barabara kuu, kodi hushuka na majirani ni watu wanaoishi pale mwaka mzima.

*Kilifi.* Iko takriban kilomita 60 kaskazini mwa Mombasa, mji uliolalia hori la bahari, na daraja lake lilifunguliwa 1991. Kuna Chuo Kikuu cha Pwani na hospitali ya kaunti. Kama unatafuta bedsita, usije wiki wanafunzi wanaporipoti. Utashindana nao na utashindwa.

*Malindi na Watamu.* Malindi ina ardhi tambarare, tuktuk kila kona, uwanja wa ndege, na wauzaji wa sokoni wanaojua Kiitaliano kuliko mimi. Watamu ni ndogo na ya kupendeza, lakini kwa huduma nyingi bado utapanda matatu kwenda Malindi.

*Lamu.* Mama aliipenda kuliko zote. Mji mkongwe uliowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, punda badala ya magari, na watu wanaosalimia mgeni kabla ya kumuuliza shida yake. Lakini ukitoka Mombasa ni basi la masaa mengi hadi Mokowe, halafu mashua. Tulirudi kwenye ile karatasi. Magoti yake hayangeweza.

Vitu vinne ambavyo picha hazionyeshi

*Maji.* Uliza maswali mawili tofauti: maji yanakuja mara ngapi, na ni matamu au ya chumvi? Visima vingi karibu na bahari hutoa maji ya chumvi. Yatafaa choo na kuosha sakafu, lakini ya kunywa na kupikia utanunua. Fungua mfereji mwenyewe, onja. Kisha uliza jirani, si ajenti, mtungi wa lita 20 unauzwaje pale wakati wa uhaba.

*Chumvi hewani.* Nyumba iliyo karibu sana na bahari hula mabati, bawaba, friji na hata televisheni. Angalia madirisha ya chuma. Kama yameoza kwa kutu, vyombo vyako vitafuata.

*Mbu.* Kama mnatoka nyanda za juu kama sisi, mwili wenu haujazoea malaria, na Pwani ipo. Neti ni ya siku ya kwanza, si ya mwisho wa mwezi. Homa ikija, kapimwe siku hiyo hiyo.

*Masika.* Rudi uone nyumba hiyo hiyo mwezi wa Mei. Barabara ya mchanga uliyoipenda Februari inaweza kuwa mto. Mei pia ndiyo hoteli nyingi hupunguza kazi au kufunga kwa muda, kwa hivyo kama unahamia ukitegemea biashara ya watalii, weka akiba ya kukupitisha Aprili, Mei na Juni.

Shamba: hapa ndipo mama aliponiokoa

Tukiwa Kilifi, mtu mmoja mstaarabu sana alimpata mama baada ya ibada. Alikuwa na ploti, ilikuwa karibu na barabara, na bei ilikuwa nusu ya tuliyosikia kwingine. Alitaka 100,000 tu ya kuonyesha nia, kwa simu, kabla ya jioni, kwa sababu kuna Mzungu anaitaka. Kiinua mgongo cha mama kilikuwa kimeingia mwezi uliopita. Nadhani alijua.

Mama alitoa simu, akaandika namba, akaandika kiasi. Kisha skrini ikaonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Mama amesoma rejista za darasa kwa miaka 34. Hasomi jina kwa haraka. "Wewe si huyu," akamwambia. Yule mtu akasema ni namba ya karani wake. "Basi karani wako aniuzie," mama akajibu, akafuta, akarudisha simu kwenye mkoba.

Kesho yake tulienda ofisi ya ardhi na namba ya hati aliyotupa. Msajili alituonyesha jina la mwenye ardhi. Halikuwa la yule mtu wala la karani wake.

Kwa hivyo, kabla ya kununua chochote Pwani:

- Fanya upekuzi rasmi wa hati kwa namba ya hati yenyewe, si kwa nakala uliyopewa.
- Kama ni shamba la kilimo, uliza kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi.
- Nenda na mpimaji aone mawe ya mipaka, na uulize wanaoishi pale. Pwani ina historia ndefu ya watu kuishi na kulima kwenye ardhi ambayo hati yake ina jina la mtu mwingine. Hati safi mkononi haimaanishi kwamba shamba ni tupu.
- Mombasa kuna "nyumba bila ardhi": unanunua nyumba, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine na utaendelea kumlipa kodi ya ardhi. Si wizi, ni desturi ya zamani. Wizi ni kuuziwa bila kuambiwa.
- Pesa kubwa zipitie kwa wakili, kwa mkataba ulioandikwa. Hakuna ploti halali inayotoweka jioni.

Hesabu ya kuhama

Tuliweka pesa za kuhama kando na pesa za matumizi, ili zisichanganyike. Ndani yake tulipanga kodi ya mwezi wa kwanza, dipoziti, lori, neti na feni, tanki la maji, na miezi mitatu ya chakula. Dereva wa lori tulimlipa nusu Limuru na nusu vitu viliposhuka. Kila malipo tuliyafanya kwa simu, hata madogo, kwa sababu ujumbe wa malipo ni risiti. Mwenye nyumba alipodai kwamba hatujalipa ya taka, mama alimwonyesha tarehe na saa.

Na kabla hujabonyeza "tuma", simama kwenye mambo haya matano:

1. Umeingia ndani ya nyumba kwa miguu yako mwenyewe?
2. Anayekuonyesha ni mwenye nyumba au ameidhinishwa naye? Uliza kitambulisho, uliza majirani wawili.
3. Jina kwenye skrini ni lile lile lililo kwenye mkataba? Kama ni tofauti, acha kwanza.
4. Unaharakishwa? Haraka ya muuzaji si haraka yako.
5. Umeshatuma ukagundua kosa? Piga huduma kwa wateja wakati huo huo, usingoje kesho, kisha ripoti polisi. Na usimpe mtu PIN yako, hata anayesema anakusaidia kurudisha pesa.

Alipoishia

Mama anaishi Kilifi. Si Diani nilikotaka mimi, na si Lamu alikotaka yeye. Amepanga nyumba ya vyumba viwili, tuktuk moja kufika hospitali, na sokoni anatembea. Ardhi hajanunua, anasema atakaa misimu miwili ya masika kwanza. Magoti bado yanauma asubuhi, lakini hapandi tena kitandani na soksi.

Zile 18,000 sikuzipata. Nimeziandika kwenye daftari langu la matumizi, mstari wa kwanza kabisa, na pembeni nimeandika: ada ya shule. Wewe umesoma bure.