Plantaramu na Ukuta wa Utumbo

Paukwa! Pakawa!

Si zamani za kale, ni jana tu. Jioni moja huko Songea, sufuria ya uji wa mahindi iliepuliwa jikoni ikaachwa ipoe mpaka iwe vuguvugu. Mama yake Tatu akachota kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa, akakikoroga ndani ya uji. Akafunika, akaenda kulala.

Ule uji mzito ulianza kulainika kabla hata mama hajapata usingizi. Ulezi unapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyokatakata wanga kuwa sukari. Na sukari ilipopatikana, wenye njaa wakaamka. Walikuwamo muda wote, wamejibanza kwenye kimea chenyewe: bakteria wadogo kiasi kwamba itakubidi upange mamia kadhaa kwa urefu ndipo wafikie milimita moja. Mmoja wao wanasayansi walimwita Lactobacillus plantarum, na tangu 2020 humwita Lactiplantibacillus plantarum. Mimi ulimi wangu mzito, nitamwita Plantaramu.

Plantaramu akala, akajigawa wakawa wawili, wawili wakawa wanne, wanne wakawa wanane. Usiku kucha kazi ni hiyo. Na kila walipokula sukari waliacha asidi ya laktiki, ile inayoipa togwa, yaani uji huo ukishachachuka, uchachu wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wameifuatilia kazi hii: uji unaoanza na pH (kipimo kinachoshuka uchachu ukizidi) ya karibu 6 hufika chini ya 4 kwa muda wa siku moja. Humo bakteria wengi wanaotuharisha hushindwa kuongezeka. Tena kuna zawadi nyingine. Nafaka hufungia madini ya chuma na zinki ndani ya kitu kiitwacho faiteti, na uchachushaji huivunja, madini yakatoka na mwili ukayapata.

Asubuhi Tatu akanywa kikombe kizima bila kupumua. Twende naye Plantaramu tuone yaliyomkuta.

Tumboni alipokelewa na asidi kali. Wenzake wengi wakafa hapo hapo, msinifiche machozi. Lakini yeye alizaliwa kwenye uchachu, akapenya na wachache waliosalia mpaka utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima ni kama mita 6. Huko akakuta ukuta wa ajabu. Unene wake ni seli moja tu! Seli zimepangwa kama matofali, katikati zimeshikwa na protini badala ya saruji, na juu yake kumepakwa ute unaoteleza. Kila baada ya siku 3 hadi 5 matofali hayo huanguka na mapya huchukua nafasi. Ukuta huo una kazi mbili zinazopingana: upitishe chakula kiingie kwenye damu, na uzuie vijidudu visipite. Mtoto akiharisha sana, viungio hulegea, ukuta ukawa na nyufa.

Sasa nyufa hizo utazionaje bila kumpasua mtoto? Hapa ndipo ninapowavulia kofia wanasayansi. Humnywesha mtoto aina mbili za sukari. Manitoli ni ndogo, hupita hata ukuta ukiwa mzima. Laktulosi ni kubwa, haipiti kwa urahisi ila penye ufa. Kisha wanapima mkojo: laktulosi ikizidi, ukuta unavuja. Kipimo hicho kilitumika kwa watoto wa Tanzania waliokuwa wakiharisha, na matokeo yakachapishwa mwaka 1997. Wengine walipewa uji wa kawaida, wengine uji uliolainishwa kwa kimea tu, wengine uji wa kimea uliochachushwa. Kuta za watoto wa uji mchachu ndizo zilizoziba vizuri zaidi. Bibi zetu walikuwa wanachachusha uji miaka mingi kabla ya kipimo hicho.

Plantaramu mwenyewe hakukaa. Wengi wa aina yake ni wapita njia: hufanya kazi siku chache, kisha hutoka kwa mlango mnaoujua. Wenyeji wapo mbele, kwenye utumbo mpana, matrilioni kwa matrilioni. Hao hawaangalii sana sukari, wanangoja nyuzinyuzi za maharage, matembele, dona na ndizi, ambazo tumbo lako limeshindwa kuzisaga. Wakizila hutengeneza butireti, na seli za ukuta wa utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nguvu zake humo. Pia hutengeneza vitamini K na baadhi ya vitamini B. Wakinyimwa nyuzinyuzi je? Kwa panya wa maabara imeonekana kwamba baadhi ya bakteria hao huanza kuula ule ute wenyewe, ukawa mwembamba. Kwa hiyo anayekula chipsi na soda kila siku anawalaza njaa walinzi wake.

Na dawa za antibiotiki haziwachagui wabaya peke yao, zinawaua na hawa. Usizimeze kwa mafua, wala usinunue kidonge kimoja kimoja dukani. Subiri daktari akuandikie.

Neno la mwisho nawaachia wenye wadogo zao nyumbani. Togwa ni chakula kizuri, ila si dawa ya kuhara. Mdogo wako akiharisha, mwambie mama ampe maji ya ORS mara moja, aendelee kumlisha, na ampeleke kituo cha afya.