Mboga Hutangulia Kutoweka: Bei za Chakula Uvira na Madhara Yake Mwilini

Mjadala kuhusu kupanda kwa bei za chakula katika mji wa Uvira, ulioko pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika katika jimbo la Kivu ya Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa kawaida huanzia na kuishia kwenye unga: wa muhogo umefika bei gani, wa mahindi umepanda kiasi gani, na familia itafikaje mwisho wa mwezi ikiwa na ugali mezani. Kipimo hicho kina maana yake, kwa kuwa ugali ndio unaotuliza tumbo. Lakini kwa upande wa sayansi ya lishe ni kipimo kinachochelewa. Kabla ugali haujapungua, mboga, yaani kila kinacholiwa pamoja nao, iwe samaki, maharage, sombe (majani ya muhogo) au lengalenga iliyotiwa mawese, huwa imekwisha kupungua zamani, na sehemu kubwa ya madhara ya bei kwa afya hutokea katika kipindi hicho ambacho tumbo bado linajaa.

Mwenendo huo si wa Uvira peke yake. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel, akitumia hesabu za matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, alionyesha kwamba kadiri kipato kinavyokuwa kidogo ndivyo sehemu yake inayoishia kwenye chakula inavyokuwa kubwa. Na mwaka 1941 mchumi Mmarekani Merrill Bennett akaonyesha kwamba ndani ya chakula chenyewe, wenye kipato kidogo hutegemea zaidi nafaka na mizizi, kwa sababu hizo ndizo zinazotoa nguvu nyingi kwa fedha chache. Bei zinapopanda huku mapato yakibaki palepale, familia husukumwa kuelekea muhogo hata kama bei ya muhogo wenyewe nayo imepanda, maana bado ndicho kitu rahisi kuliko vyote kwa ajili ya kushiba.

Jiografia ya Uvira inaufanya mji huo uwe mwepesi kuyumbishwa na bei. Mji umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa, hivyo chakula chake huingia kwa njia chache: barabara ya taifa namba 5 inayoshuka kutoka Bukavu kupitia Kamanyola, Luvungi na Sange na kuendelea kusini hadi Baraka na Fizi, mpaka wa Kavimvira unaotazamana na Gatumba upande wa Burundi, na bandari ya Kalundu, ambako hufika bidhaa za Kigoma na za mwambao wa kusini. Uwanda wa Ruzizi, wenye mpunga, mahindi na muhogo, uko mlangoni mwa mji, lakini mavuno yake hupita kwenye vizuizi vingi vya barabarani ambavyo kila kimoja hudai chake, na gharama hiyo humwangukia mnunuzi wa mwisho. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichokuwa kikisindika miwa ya uwanda huo huo, kilisimama na vita vya 1996, na tangu hapo sukari nyingi ya eneo hilo imetoka nje ya nchi. Faranga ya Kongo nayo ina lake: dola moja ya Marekani iliyokuwa karibu faranga 2,000 mwishoni mwa 2022 ilivuka faranga 2,600 mwishoni mwa 2023, na kwa kuwa wafanyabiashara wengi huagiza kwa dola na kuuza kwa faranga, tofauti hiyo hulipwa sokoni.

Juu ya hayo yote ipo vita. Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025, Uvira ilikatwa na soko lake kubwa la kaskazini. Na wapiganaji hao walipoingia Uvira yenyewe mwezi Desemba mwaka huo, mpaka na Burundi ulifungwa pia. Mfumo wa IPC, ambao hupanga hali ya njaa kwa ngazi tano kuanzia ya kawaida hadi baa la njaa, ulikadiria mapema mwaka 2025 kwamba karibu watu milioni 28 nchini Kongo walikuwa katika upungufu mkali wa chakula. Nyama na maziwa, ambavyo mji ulizoea kuvipata kutoka Nyanda za Juu zilizo milimani juu ya mji, vilikuwa vimekwisha kuadimika hata kabla ya hapo, kutokana na miaka ya mapigano na uporaji wa ng'ombe.

Ziwa ndilo lililobaki kuwa ghala la protini, na bei yake ina kalenda isiyofuata ya serikali wala ya vita. Ndakala, yaani dagaa wa Tanganyika, na lumbu, ambao ni ndugu zao, huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta karibu na wavu. Mbalamwezi inapokuwa kamili taa hazina nguvu, wavuvi hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa, na bei hupanda. Mukeke, samaki anayewala dagaa hao, hufuata mkondo huo huo.

Lakini zaidi ya mwezi angani, kuna badiliko la polepole lililo zito zaidi. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na maji yake ya chini, yasiyo na oksijeni, ndiyo yanayohifadhi madini yanayorutubisha mimea midogo sana ya kijani, ambayo huliwa na wadudu wa majini, ambao nao huliwa na dagaa. Upepo wa kusini wa kiangazi ndio unaoyatikisa maji hayo na kuipandisha rutuba juu. Ila maji ya juu yanapopata joto huwa mepesi zaidi na hukataa kuchanganyika na ya chini. Mwaka 2003 timu mbili za watafiti, moja ikiongozwa na Catherine O'Reilly na nyingine na Piet Verburg, zilichapisha ushahidi kwamba hali hiyo ilikuwa ikiendelea. O'Reilly na wenzake walikadiria kuwa uzalishaji wa mimea hiyo ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20, kiasi ambacho kingeweza kumaanisha upungufu wa asilimia 30 wa samaki. Utafiti wa mashapo ya sakafu ya ziwa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili za kupungua kwa samaki zilianza hata kabla ya uvuvi wa kibiashara kushamiri. Kwa hiyo kuwalaumu wavuvi peke yao, kama inavyosemwa mara kwa mara, ni kukata kesi nusu. Hata hivyo uvuvi uliopitiliza ni wa kweli, na ndiyo sababu nchi nne za ziwa zilikubaliana Desemba 2021 kuhusu hatua za pamoja, ikiwamo kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.

Kwa nini upungufu wa samaki mdogo kiasi hicho uwe jambo la kitabibu? Jibu limo ndani ya muhogo wenyewe. Muhogo, hasa ule mchungu ambao wakulima huupenda kwa sababu wezi na wanyama huukwepa, una kemikali iitwayo linamarini, ambayo mzizi unapopondwa au kutafunwa huvunjika na kutoa sianidi, sumu inayozuia seli zisitumie oksijeni. Wahenga wa Kivu na wa Kongo nzima walikwisha kulitatua tatizo hilo kwa kuuloweka muhogo kwenye maji kwa siku tatu au zaidi, kisha kuumenya, kuuanika na kuusaga. Sombe pia, ambayo ina sumu kuliko mzizi, hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu kwa sababu hiyo hiyo. Njia hizi ni za uhakika zikipewa muda wake. Lakini muda, maji na makaa ni vitu ambavyo bei ya juu huvipunguza. Mchuuzi anayewahi soko hutoa muhogo majini siku moja baada ya kuuloweka, na mpishi ambaye makaa yamempanda bei huipua sufuria mapema.

Sianidi kidogo inayobaki huondolewa na mwili wenyewe kwa kuiunganisha na salfa ili iwe thiosianati, kitu kisicho na sumu kali kinachotoka kwa mkojo. Salfa hiyo haitoki hewani: hutolewa na methionini na sisteini, viungo viwili kati ya vile vinavyojenga protini, navyo hupatikana kwa wingi katika samaki, nyama na mayai, na kwa uchache sana katika muhogo. Anayekula ugali wa muhogo pamoja na ndakala anapata sumu na kiponya-sumu katika tonge moja; anayekula ugali huo huo kwa chumvi na pilipili anaipata sumu peke yake. Matokeo ya hali mbaya kabisa ni konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu yote miwili ghafla na daima, ulioelezwa na daktari Mwitaliano Giovanni Trolli mwaka 1938 kusini-magharibi mwa Kongo, na ambao baadaye uliripotiwa pia Kivu ya Kusini. Matokeo ya kimyakimya zaidi ni ya tezi ya shingo: thiosianati huizuia tezi hiyo isinyonye iodini, na pale ambapo iodini ni haba tangu mwanzo, shingo huvimba na watoto huzaliwa na akili iliyodumaa, kama watafiti walivyobaini kwa kina kwenye kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, tangu miaka ya 1960. Uvira yenye dagaa haijawa na sifa ya konzo. Ni busara kutolijaribu ziwa lisilo na dagaa.

Kazi ya samaki huyo haiishii hapo. Kwa kuwa huliwa mzima, pamoja na mifupa na kichwa, hutoa kalisi, zinki na madini ya chuma, na vitamini B12 ambayo hakuna jani wala mzizi unaoitoa. Tena nyama ya samaki huusaidia utumbo kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage na mboga za majani, ambacho bila hivyo hushikiliwa na fitati, kemikali ya mbegu inayoyafunga madini. Mawese nayo, yanayoshuka kwa wingi kutoka Fizi, yana rangi nyekundu itokanayo na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mafuta yake ndiyo yanayoiwezesha karotini ya sombe kufyonzwa. Familia inayopunguza mawese ili kuokoa faranga chache huyapoteza yote mawili kwa mpigo mmoja.

Dalili za upungufu huu huja pole pole, na mara nyingi huitwa kwa majina mengine. Mtoto hudumaa, yaani hubaki mfupi kuliko umri wake, hali ambayo uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 uliikuta kwa takriban nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wa Kivu ya Kusini. Mwingine huvimba miguu na uso, nywele zikigeuka rangi, huku mzazi akiamini kuwa amenenepa: hiyo ni kwashakoo, iliyozoeleka mashariki mwa Kongo, na ambayo chanzo chake kamili bado kinachunguzwa, ingawa lishe ya wanga mtupu na maambukizi ya mara kwa mara vimo. Wahudumu wa afya huzunguka na utepe wa kupimia mkono wa juu: chini ya milimita 115 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo mkali, na kati ya 115 na 125 ni wa wastani. Utepe huo, lakini, haumkamati aliyedumaa, kwani mkono wake unaweza kuwa mnene wa kutosha.

Maji ya kunywa huingia katika hesabu hii kwa mlango wa nyuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu Uvira ulionyesha kwamba baada ya siku ambayo mabomba yalikauka kabisa, waliolazwa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka zaidi ya maradufu katika siku 12 zilizofuata. Na kila harisho humtoa mtoto zinki na nguvu ambazo sahani yake ya bei ghali haikuweza kumrudishia.

Yapo mambo yanayosaidia bila kungoja bei zishuke. Unga wa muhogo ukilowanishwa, ukatandazwa kwa tabaka jembamba na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kupikwa, sehemu kubwa ya sianidi hupeperuka. Njia hiyo, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia, imefundishwa kwa akina mama wa magharibi mwa Kongo na haigharimu chochote. Ndakala wakavu waliosagwa na kutiwa kwenye uji wa mtoto hutoa faida kubwa kwa kiasi ambacho mkubwa angekiona hakitoshi tonge mbili.

Jambo gumu zaidi ni miezi ambayo uvuvi umefungwa. Kufunga ziwa ni uamuzi wa haki kwa samaki, lakini serikali zilizoufanya hazikupanga kwa uzito ule ule nini kitakuwa mboga ya mwambao kati ya Mei na Agosti. Kipindi hicho huangukia mavuno ya maharage ya msimu B, ya Juni na Julai, kwenye miinuko iliyo juu ya Uvira, hivyo protini ipo, umbali wa siku ya kutembea, endapo njia itapitika na vizuizi vitapungua. Ila maharage yana methionini kidogo, maana yake ni kwamba juu ya ugali wa muhogo mtupu hayaichukui nafasi ya dagaa. Mahindi ndiyo yanayoongeza kile ambacho maharage yamekikosa, nayo maharage huyapa mahindi lisini, kiungo kingine cha protini. Basi unga uliochanganywa mahindi na muhogo, ambao nyumba nyingi za Uvira huupika tayari kwa sababu ya ladha na bei, ungefaa uwe na mahindi mengi zaidi katika miezi hiyo mitatu kuliko katika mingine yoyote ya mwaka.