Nyumba Yenye Kibali Kisichokamilishwa

Wengi wetu tuna jamaa waliohamia Nyeri, Karatina au Nanyuki. Ikifika siku ya kuuza nyumba huko, hutulia kwa kuwa hati miliki ipo. Lakini hati hiyo ni ya ardhi. Jengo lina karatasi zake: kibali cha ujenzi kutoka serikali ya kaunti, kisha cheti cha ukaaji, kinachotolewa likishakaguliwa. Mara nyingi cha pili hakikuombwa. Mume aliingiza familia rangi ikiwa mbichi, kisha akafariki, na mjane ndiye anayeulizwa na wakili wa mnunuzi.

Mirathi ikishathibitishwa mahakamani, aende ofisi ya mipango ya kaunti, faili litafutwe kwa nambari ya kiwanja. (La Nanyuki liko kaunti ya Laikipia, si Nyeri.) Msanifu majengo na mhandisi waliosajiliwa walinganishe michoro iliyoidhinishwa na nyumba ilivyo sasa. Chumba kilichoongezwa uani kitahitaji kibali chake. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 imeweka faini isiyozidi shilingi 500,000 kwa anayejenga bila kibali.

Si lazima mauzo yasimame. Mkataba utaje upungufu huo, na sehemu ya bei ibaki kwa wakili hadi cheti kitoke. Kuficha ndiko tusikokuafiki: fiqhi humpa mnunuzi hiyari ya kurudisha kilichofichwa kasoro, na huenda fedha zenyewe zimekwisha kugawiwa warithi, wakiwemo mayatima.