Sumukuvu haionekani kwa macho: maabara huitambuaje?

Mwaka 2016, watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao walifariki dunia. Sumu hii hutengenezwa na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga, mazao tunayolima na kula hapa Simiyu. Haina harufu, na moto wa jikoni hauimalizi. Punje inaweza kuonekana safi na bado ikawa na sumu. Sasa maabara hujuaje?

Moja ya mashine zinazotumika hupima uzito wa molekuli, yaani chembe ndogo mno zinazounda vitu vingi. Molekuli hupewa chaji ya umeme, na hapo huitwa ayoni. Kisha husukumwa kwa kasi hadi kwenye kipokezi. Francis Aston wa Uingereza alitengeneza mashine maarufu ya aina hiyo mwaka 1919.

Kwa miaka mingi wanasayansi waliona jambo la ajabu. Kando ya alama kali za uzito kulitokea alama pana zenye ukungu, tena kwenye namba zisizo kamili. Mwaka 1945, John Hipple na Edward Condon wa Marekani walieleza sababu: kuna ayoni zinazovunjika njiani.

Fikiria mikokoteni ya ng'ombe inayopeleka pamba kituo cha AMCOS. Mmoja unavunjika uani kabla ya kuondoka. Mwingine unafika mzima. Wa tatu unaondoka mzima, unavunjika katikati ya safari. Ayoni za kundi hili la tatu, zisizo imara, huishi kwa muda mfupi mno, kama sehemu ya milioni ya sekunde. Alama zao zilionyesha ayoni ipi ilizaa kipande kipi.

Hapo ndipo ulipo umuhimu wake. Vitu viwili tofauti vinaweza kuwa na uzito mmoja, lakini mara nyingi havivunjiki kwa namna moja. Mwaka 1978, Richard Yost na Christie Enke wa Marekani walitangaza mashine isiyongoja ayoni ivunjike yenyewe. Sehemu ya kwanza huchagua ayoni, ya pili huigonga kwa gesi, ya tatu hupima vipande.

Sumukuvu aina ya B1 huchaguliwa kwenye uzito wa 313, kisha hutafutwa vipande vya 285 na 241. Vikionekana kwa uwiano unaotakiwa, mtaalamu ana ushahidi. Kipimo lazima kiwe makini hivyo, kwa sababu kiwango cha juu cha sumukuvu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwenye mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa gunia la kilo 100, hiyo ni miligramu 1 tu.

Hata hivyo, mashine hupima kile ilicholetewa. Sumu haisambai sawasawa ndani ya gunia, hivyo sampuli ichotwe sehemu nyingi na ichanganywe.

Nyumbani, kinga ndiyo kipimo chetu cha kwanza. Anika juu ya turubai, si kwenye udongo. Hifadhi mazao yakiwa makavu kabisa, juu ya chaga. Chambua punje zilizooza, zilizosinyaa au kubadilika rangi, na usiwape kuku wala ng'ombe: sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa ya watoto wako.