Siri si Hiana: Neno Juu ya Michezo ya Mezani

Wazee wetu walikuwa wakisema kwamba ukitaka kuijua tabia ya mtu, safiri naye au fanya naye biashara. Sisi baada ya miaka mingi ya kufundisha watoto twaongeza la tatu: cheza naye. Kwani mchezoni mtu hujisahau, na kilichokuwa moyoni mwake hutokea mikononi mwake. Tumeletewa mas'ala moja na wanafunzi wetu ambayo kwa dhahiri ni ya kitoto. Lakini tulipoifikiri tuliona mizizi yake imefika mpaka sokoni na majumbani mwetu. Basi tumeona tuieleze katika kurasa hizi, na pia tukiri kosa letu wenyewe, huenda wazazi wakanufaika.

Mwanafunzi wetu mmoja, ambaye baba yake anauza nyanya na vitunguu hapa Kariakoo, aliletewa zawadi na mjomba wake akaaye Uingereza. Zawadi yenyewe ni sanduku la mchezo wa vita uitwao Stratego. Ubao wake una nyumba 100, kumi kwa kumi, na katikati yake kuna maziwa mawili yasiyopitika. Kila mchezaji ana vipande 40, nalo ndilo jeshi lake: yumo jemadari mkuu mmoja, wamo maafisa na wapelelezi, yumo jasusi mmoja, yamo mabomu sita, na iko bendera moja ambayo adui akiifikia vita vimekwisha. Ajabu ya mchezo huu ni kwamba cheo cha kila kipande kimeandikwa upande mmoja tu, na upande huo humwelekea mwenyewe. Adui huona migongo tu. Hajui aliyemkabili ni jemadari au mdogo kuliko wote, mpaka vipande viwili vigongane. Hapo ndipo kila mmoja hulazimika kutaja cheo chake.

Siku ya Alhamisi jioni, chuo kilipofungwa, vijana wawili waliucheza kibarazani kwetu. Mwenye sanduku alikuwa ameelemewa. Akatwaa kipande dhaifu, akakisukuma mbele kwa haraka na kwa ushupavu kama kwamba ni jemadari mkuu. Mwenziwe akaingiwa na hofu, akawarudisha nyuma wakubwa wake, na kwa kurudi kule akashindwa. Akasema, "Umenidanganya, na udanganyifu ni haramu." Mchezo wa pili ulipokuwa umefika katikati, mwenye sanduku akainuka kwenda kutawadha. Huyu aliyeshindwa akainua vipande vya mwenziwe kimoja kimoja, akavitazama, akavirudisha. Mtoto mdogo alimwona, akasema. Yakawa maneno, kisha makonde. Na vijana hao, waliohifadhi pamoja tangu Juzuu Amma, wakakaa wiki tatu hawapeani salamu.

Waliletwa kwetu, nasi tukahukumu kwa pupa. Tulimkemea yule aliyesukuma kipande dhaifu, tukimwambia kwamba amefanya hila; na yule aliyechungulia tukamwacha na onyo jepesi, kwani tulidhani alikuwa analipiza tu. Baba wa kijana naye akaja, akasema, "Maalim, sanduku hili linafundisha uwongo, mimi nitalitia motoni." Tukamwomba atupe siku chache. Usiku ule hatukulala vizuri, kwani nyoyo zetu zilituambia kwamba mizani yetu imepinda.

Asubuhi tulipita kwenye baraza moja tuliyoizoea, ambako wazee hucheza bao na kahawa ikipita, tukakaa kutazama. Bao la Kiswahili, kama ajuavyo msomaji, lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza kwa kete sita katika nyumba, mbilimbili katika mashimo mawili ya upande wa kulia wake, na 22 zilizobaki huwa mkononi, zikiingia moja moja kila zamu mpaka ziishe, ndipo mtaji uanze. Hapana kilichofichwa. Kete zote zi wazi, na hata zile za mkononi hesabu yake yajulikana. Siri ya bao imo kichwani mwa mchezaji tu: ameona mzunguko utaishia wapi, na mwenziwe hakuona. Na ndiyo sababu bao limeheshimiwa na watu wakubwa. Marehemu Mwalimu Julius Nyerere alijulikana kwa kulipenda, na Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, aliandika kitabu kizima mwaka 1995 juu ya akili za mabingwa wa bao wa Zanzibar.

Lakini bao nalo lina mlango wa hiana. Mkono ukienda mbio, kete mbili zaweza kuangushwa katika shimo moja, na mzunguko wote ukageuka. Mzee mmoja pale barazani alitwambia kwamba aliwahi kumwona rafiki yake akifanya hivyo, akanyamaza kwa kumsitiri. Lakini tangu siku ile hakuweza tena kumkopesha fedha. "Si kwa sababu ya kete, Maalim," alisema. "Kete ni komwe tu. Ni kwa sababu alinitazama machoni wakati mkono wake ukifanya vile."

Karibu yao wengine walikuwa wakicheza dhumna, watu wanne, wawili kwa wawili. Vipande ni 28, kila mtu saba, na hapa siri imeruhusiwa: hakuna aonaye vya mwenziwe. Mchezaji hodari hukumbuka kila kilichowekwa na kila aliyepita, akajua nani hana sita na nani ameshika tano. Tena aweza kuweka kipande kwa makusudi ili adui adhani anavyo vingi vya namna ile. Hakuna aliyemwita mwongo. Lakini mmoja wao alipokohoa mara mbili na mwenziwe akabadili kipande alichokuwa amekwisha kukishika, meza nzima ilipiga kelele. Hapo tukaanza kuona njia.

Ama hiyo michezo ya vita, asili yake si ya watoto. Mwaka 1812 mtu wa Prussia aitwaye Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme wake mchezo wa kufundishia vita. Na mwanawe, Georg Heinrich, aliyekuwa afisa wa mizinga, akautengeneza na kuutolea kanuni zake mwaka 1824. Katika mchezo ule pande mbili hazikuonana. Mwamuzi alikaa kati, akapokea amri za kila upande, na juu ya ramani akaweka yale tu ambayo macho ya askari yangeweza kuyaona. Yeye peke yake alizijua siri za wote, na mchezo wote ulisimama juu ya uaminifu wake. Kisha mwaka 1908 bibi mmoja wa Kifaransa, Hermance Edan, aliandikisha mchezo uitwao L'Attaque, ambao vipande vyake vyasimama na kumpa adui mgongo, na kwa hiyo mwamuzi hakuhitajiwa tena. Huu Stratego, uliotolewa Uholanzi mwaka 1946, ni mtoto wa mchezo ule.

Msomaji na aitafakari habari hii. Mwamuzi alipoondolewa, kazi yake ilikwenda wapi? Haikupotea, ilihamia katika nyoyo za wachezaji wawili. Kila mmoja amekuwa mlinzi wa siri ya mwenziwe. Basi yule kijana aliyevitazama vipande mwenziwe alipokwenda kutawadha hakuvunja kanuni ndogo ya mchezo, bali alikula amana.

Tulipofika hapo tulirudi katika Sira. Twajua sote kwamba Mtume, Sallallahu Alayhi Wasallam, ameiita vita kuwa ni hila. Imepokewa kwa Kaab bin Malik kwamba Mtume alipokusudia kwenda vitani desturi yake ilikuwa kuonyesha kama kwamba aelekea kwingine, isipokuwa vita vya Tabuk mwaka wa 9 wa Hijra, ambapo aliwabainishia watu wazi kwa sababu ya umbali na ukali wa joto. Na katika vita vya Handaki, mwaka wa 5, Nuaym bin Masud, ambaye kusilimu kwake kulikuwa bado hakujajulikana, aliwaendea maadui kundi baada ya kundi mpaka wakatiliana shaka wao kwa wao. Basi kumficha adui mpango wako si aibu.

Lakini Sira hiyo hiyo yatwambia habari ya Hudhayfa bin Al-Yaman na baba yake. Kabla ya vita vya Badr walikamatwa na Makureshi, wakaachiliwa kwa ahadi kwamba hawatapigana. Walipofika kwa Mtume, ilhali Waislamu walikuwa wachache na kila mkono ulihitajiwa, aliwaamrisha waitimize ahadi yao, wasipigane. Hila imeruhusiwa, kuvunja ahadi hakukuruhusiwa, hata kwa adui, hata siku ya Badr. Na katika Sura ya Anfal, aya ya 58, imeamrishwa kwamba mwenye kuchelea hiana kwa watu alioagana nao awarudishie ahadi yao waziwazi, ili pande zote mbili zijue kwamba hapana mapatano tena.

Mfano wake ulitokea katika pwani yetu. Mwezi Agosti 1914 wanamaji wa Kiingereza walipatana na wakuu wa Kijerumani wa Dar es Salaam na Tanga kwamba miji hiyo isipigwe. Serikali ya Uingereza haikuyakubali mapatano hayo. Tarehe 2 Novemba 1914 nahodha Caulfeild wa manowari Fox akaingia Tanga, akatangaza kwamba mapatano yamekwisha, na hali nyuma yake baharini walikuwako askari wapatao 8,000 waliotoka Bara Hindi. Kwa tangazo lile siri ikatoka. Von Lettow-Vorbeck akaleta askari wake kwa gari la moshi la Usambara, na ingawa walikuwa kama 1,000 tu, Waingereza walishindwa, wakarudi melini tarehe 5. Wengi wamemcheka nahodha yule. Sisi twasema kwamba kutangaza kwake hakukuwa kosa, maana palikuwa na ahadi. Kosa lilikuwa katika kukawia baada ya kutangaza, kwani walipoteza muda mwingi wakitafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwapo. Tena tusisahau kwamba vita vile havikuwa mchezo. Mtaa wetu huu wa Kariakoo umepata jina lake kwa kile kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, ambao makumi elfu yao walikufa, aghalabu kwa maradhi na njaa. Na katika mbao za michezo ya vita hakuna kipande kiitwacho mpagazi.

Basi tukawakusanya vijana, na wazazi wao tukawaita, tukasema mbele yao kwamba hukumu yetu ya kwanza ilikuwa mbovu. Kila mchezo huanza kwa ahadi, hata kama haikutamkwa. Katika mchezo huu wameagana kwamba kila mmoja atavificha vyeo vyake, na kila mmoja ajua kuwa mwenziwe anaficha. Mwenye kusukuma kipande dhaifu kama jemadari hakumdanganya mtu katika lile walilopatana. Adui alikuwa na haki ya kutia shaka, akakosea katika kukisia. Lakini mwenye kuchungulia amevunja ahadi. Na lau yule wa kwanza angetaja cheo cha uwongo vipande vilipogongana, naye angekuwa mwongo. Siri ni ile mliyoagana kuificha. Hiana ni kuificha mliyoagana kuionyesha, au kuiona mliyoagana isionekane.

Tukawaeleza pia kwamba juu ya michezo ya namna hii wanavyuoni wana maneno mengi. Kamari imekatazwa katika Sura ya Maida, aya ya 90, wala haina hila ya kuihalalisha. Na michezo ya dado wengi wao wameiharamisha. Ama sataranji, ambayo ni ya akili, Imamu Shafi aliichukia asiiharamishe, na wafuasi wake wakashurutisha isiwe na fedha, isicheleweshe sala, wala isilete matusi. Sisi si mamufti. Mwenye kutaka kujiepusha na yote, kheri yake.

Hapo yule kijana mwenye sanduku akainua mkono, akauliza kwa adabu, na baba yake ameketi karibu yake: "Maalim, basi tenga lililopangwa nyanya nzuri juu na mbovu chini, hiyo nayo ni siri ya halali?"

Kukawa kimya. Tulimjibu kwamba soko ni ahadi nyingine kabisa. Mnunuzi hakuja kushindana nawe kwa kukisia. Amekuja akikuamini, na muuzaji ameamrishwa kuonyesha aibu ya bidhaa yake. Mtume alipoingiza mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta majimaji chini ya ile kavu, aliuliza kwa nini haikuwekwa juu watu waione, na akasema kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Aliye hodari mezani na akaupeleka uhodari ule tengani, amechanganya ahadi mbili, na hasara yake ni ya dunia na ya Akhera.

Baba yake hakusema neno siku ile. Sanduku hakulichoma, aliliacha chuoni kwetu, na vijana wale wawili hulicheza Alhamisi kwa Alhamisi. Yule aliyechungulia aliomba radhi yeye mwenyewe, na sasa mwenziwe akienda kutawadha, yeye hugeuka akautazama ukuta mpaka arudi, bila ya kuambiwa na mtu. Baada ya mwezi hivi tulimkuta baba yake sokoni akilimwaga tenga mbele ya mnunuzi. Akatwambia kwamba wako waliomkimbia kwa sababu nyanya zake sasa zaonekana mbaya kuliko za jirani, na wako waliorudi. Tulipomwuliza wepi ni wengi zaidi, alicheka akasema kwamba bado anahesabu.

Enyi wazazi, msikimbilie kuchoma masanduku. Kaeni na watoto wenu wanapocheza, mtazame mikono yao, na muwaambie mapema ahadi ya mchezo ni ipi. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu hata pale ambapo mwenzetu ametupa mgongo. Amin.